Walengwa wa Sinema ya Binti Yangu

Binti yangu hanipigii simu. Anatuma ujumbe, tena wa maneno mawili matatu, na ukimjibu kwa urefu anakurudishia kidole gumba. Kwa hiyo siku aliponipigia mchana kweupe, nikiwa kazini kwenye dawati la mizigo iliyopotea pale uwanja wa ndege, nilijua kuna jambo. Mbele yangu alisimama bwana mmoja ananieleza sanduku lake lilivyo, jeusi, lina magurudumu, yaani kama masanduku yote ya dunia hii. Nikamwomba aniwie radhi, nikageukia ukutani.

"Kuna nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nina shida na audience."

Sikuelewa. Na niseme mapema kabisa kwamba mengi ninayoyasimulia hapa sikuyaelewa yalipokuwa yanatokea, na mengine sijayaelewa hadi leo. Asiyependa msimulizi wa namna hiyo atafute mwingine.

Yeye anasoma Houston, mwaka wa pili, mambo ya kutengeneza filamu. Sisi tunaishi Irving. Kwa gari ni asubuhi nzima ukisimama njiani kujinyoosha, wala si mbali. Watu wa Texas huenda mbali kuliko hapo kufuata nyama choma. Lakini kwa binti yangu njia ilikuwa imeanza kurefuka. Mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi. Ikawa sikukuu tu. Idi iliyopita alikuja, akala, akalala siku moja, akarudi. Kisha akaniandikia kwamba likizo ya kiangazi huenda akabaki hukohuko. Huenda. Neno hilo lilinikaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Ndiye mtoto wetu mmoja. Baba yake ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, na nyumba ile nikiwa peke yangu husikii kitu ila friji. Nilitaka mwanangu arudi nyumbani kiangazi. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, na kila ujinga nilioufanya baadaye niliufanya kwa ajili ya hilo.

Basi akanieleza. Mwalimu wao amewaambia kila kundi la wanafunzi litengeneze sinema fupi ya kusisimua, ile ya kumfanya mtu akae ukingoni mwa kiti. Yeye kwenye kundi lake ndiye mwongozaji. Lakini kabla sinema haijamalizika lazima waseme ni ya nani. Walengwa wake ni akina nani, wana umri gani, wanapenda nini, wanaogopa nini. Halafu wawaite watu wa aina hiyo, wawaonyeshe ilipofikia, wawasikilize.

"Kwani sinema si ya kila mwenye macho?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Ukisema ni ya kila mtu, mwalimu anakupa sifuri. Walengwa wetu ni vijana, kumi na sita mpaka ishirini na nne, wanaopenda kuogopa."

Hapo nikapotea kabisa. Mimi nimekulia Tanga, nyumba ya watu wengi, na hofu ilikuja bure, hakuna aliyeitafuta. Mtu mzima na akili zake aende akakae gizani aombe atishwe?

"Nahitaji watu wachache tu," akasema. "Cousins wa Sugar Land, marafiki zao, vijana wa huko kwenu kama wapo. Waje Jumamosi, waangalie, wajibu maswali, basi. Unaweza kunisaidia?"

Unaweza kunisaidia. Nilikuwa sijasikia maneno hayo kutoka kinywani mwake tangu alipojifunza kuendesha gari. Nikamwambia alale usingizi, watu watakuja. Yule bwana wa sanduku alipoona narudi natabasamu akadhani limepatikana. Maskini.

Siku ile yote nilizunguka na swali la walengwa. Nilimuuliza mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa hapahapa Texas, akaniambia ni kama sabuni: kuna ya kufulia, kuna ya kuogea, kuna ya mtoto mchanga. Nikaona ameniongezea giza, maana kwetu sabuni ya mche ilifanya kazi zote hizo na ngozi zetu zipo. Jioni nikampigia mume wangu, alikuwa njiani huko Oklahoma, nikamuuliza sinema ni ya nani. Akasema sinema ni ya anayeweza kukaa macho. Yeye hajawahi kumaliza hata moja.

Nikaingia kwenye kundi la simu la akina mama, nikarekodi sauti. Nikasema binti yangu anaonyesha sinema yake chuoni Houston, naomba vijana. Majibu yakaja ya vijana wa siku hizi. Mmoja ana mpira. Mmoja ana zamu dukani. Mmoja mama yake kamuuliza, kamjibu kwa Kiingereza kwamba hataki kutazama sinema ya wanafunzi. Nikabaki na vijana wa kuhesabu kwa mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki. Lakini akina mama wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuuliza: Sisi je? Tunavaa nini?

Sasa wewe niambie, ningejibu nini? Kwetu shughuli ni watu. Mtoto wa mwenzio akihitimu unakwenda, akiposwa unakwenda, akikhitimu Kurani unakwenda, na huulizi kama umelengwa. Nilikosa vijana, lakini watu nilipata. Nikasema moyoni, atakapoona tumejaa, atajua ana kwao.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayeishi Sugar Land. Huyo ulimi wake haujawahi kupumzika tangu nimeolewa. Nilipomweleza akacheka mpaka akakohoa.

"Wifi, mtoto kaomba vijana wachache, wewe unamletea kitchen party?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia.

"Haya. Basi angalau tuwe na sare."

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema sare, nataka ieleweke, maana baadaye aliruka maili mia. Tukachagua kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Fundi wa Irving alishona kwa kukesha. Rafiki yangu Mkongo wa Haltom City, ambaye tulijuana kwenye darasa la Kiingereza miaka ile tumefika, alishona ya kwake na kilemba kirefu. Nikamwambia kilemba hicho kitawazuia wa nyuma kuona. Akanijibu, "Maman, mimi nitakaa nyuma." Yeye ni mlokole, mimi Mwislamu, yeye Kiswahili chake cha Bukavu, changu cha Tanga, na tunaelewana kuliko ninavyoelewana na watu wengi wa kwetu.

Jumamosi tukaswali alfajiri, tukaingia barabarani msafara wa magari. Sufuria la pilau nililifunga mablanketi mawili nikaliweka buti. Sambusa, bagia, kachumbari kwenye ndoo. Njia nzima tuliimba. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, siwezi kuificha. Nilijiona tayari kiangazi, mwanangu yuko sebuleni kwetu, miguu juu ya kochi, ananiambia Mama ile siku ulinipendezesha.

Tulifika. Wifi alitusubiri kwenye maegesho na vijana wake wawili waliokuwa wanatazama chini kama washitakiwa. Tukapanda ngazi. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimejenga ukumbi, pazia jekundu, viti vya kukunjua. Kumbe ni darasa. Darasa la kawaida, viti vya plastiki, ubao mweupe, pazia la madirisha limeteremshwa. Wanafunzi wenzake walikuwa wamekaa huku na huku. Tukaingia zambarau tupu, na manukato yetu, na salamu zetu, viti vikaisha, wanafunzi wakasimama kutupisha. Adabu wanayo, sikatai.

Binti yangu alikuwa mbele, anahangaika na waya. Akageuka.

Nimeuona uso wa mwanangu ukiwa na homa, nimeuona ukiwa na hasira, nimeuona siku alipoanguka mtihani wa leseni. Ule sikuwahi kuuona. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyekutwa na wageni anaoga.

"Mama," akasema polepole, "hawa ni nani?"

"Ni watu wako."

"Nilisema vijana."

"Vijana wapo pale." Nikamwonyesha wale wawili na wengine wawili.

Akamtazama mwalimu wake, mzungu mmoja mwembamba, mpole, miwani imening'inia kifuani. Mwalimu akaangalia sare, akaangalia saa, akasema kwa Kiingereza kwamba watazamaji ni watazamaji, tuanze. Binti yangu akaja karibu nami, akaninong'oneza kwa Kiswahili safi ambacho hutumia akiwa na shida tu: "Mama, nakuomba, wewe ukasubiri nje."

"Nimetoka Irving nije kusubiri nje?"

Akaniacha hapo. Nilidhani ananionea haya mavazi. Niliumia, nikakaa mstari wa mbele kwa makusudi.

Taa zikazimwa.

Sinema ilikuwa hivi. Msichana yumo kitandani, chumba kidogo, dirishani weupe wa alfajiri ndio unaanza. Kimya. Kisha unasikia nyayo. Shwa, shwa, shwa, ndara zinaburutwa koridoni. Zinakuja, zinasimama mlangoni. Chini ya mlango unaona kivuli cha miguu miwili. Hakuna anayebisha. Hakuna anayesema kitu. Bangili zinalia kidogo, kama mkono umeinuka kugusa kitasa, zinanyamaza. Msichana anavuta shuka mpaka puani, macho yamemtoka. Na kivuli hakiondoki. Kinakaa, kinakaa. Halafu shwa, shwa, nyayo zinakwenda zake.

Asubuhi nyingine, vilevile, kivuli kinakaa muda zaidi. Nyingine tena, zaidi.

Akina mama wangu, ambao hawajui kutazama kitu kimyakimya, wakaanza kumshauri msichana. "Soma dua, mwanangu." "Usifungue." Nyuma nikamsikia Mkongo wangu anaita jina la Yesu. Wanafunzi wakageuka kututazama sisi badala ya sinema. Hata mimi nilikuwa nimeshika mkono wa aliyekaa kushoto kwangu. Mtoto ameweza, nilisema moyoni. Anatisha kweli.

Mwisho msichana anainuka. Anavuta mlango kwa ghafla. Hakuna mtu. Koridoni kuna ndara tu, pea moja, zimepangwa vizuri, zimemwelekea yeye. Kamera ikazisogelea mpaka zikajaa ukuta mzima.

Zilikuwa za kijani. Ya kulia mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe.

Wifi yangu akaniinamia. "Wifi, hizo si ndara zako?"

"Ndara za kijani zimejaa dunia nzima."

"Zenye uzi mweupe?"

"Tazama sinema, wewe."

Sinema ilikuwa imekwisha. Uzi ule niliutia mimi mwenyewe. Baada ya Idi nilizitafuta ndara zile nyumba nzima, nikamsingizia baba wa watu kwamba amezipeleka kwenye lori, akaapa, sikumwamini. Na bangili, nikazitazama mkononi mwangu. Na kile kitendo cha kusimama mlangoni. Nilikijua. Nilikijua kuliko mtu yeyote mle ndani, ila nilikuwa nakijua kutoka upande wa pili.

Niliona aibu. Si aibu ndogo. Niliwaita watu mwenyewe, nikawavika sare, nikawasafirisha asubuhi nzima kuja kunitazama mimi nikiwa jini. Na zaidi ya aibu sikuelewa. Mimi nimemfanya nini mtoto huyu?

Taa zikawashwa. Mwalimu akaanza na vijana. Mmoja wa watoto wa wifi akasema haikutisha sana kwa sababu hakuna aliyekufa. Mwanafunzi mmoja akasema yeye alijua ni mzimu wa mpangaji wa zamani. Mwingine akasema hapana, ni mtu anayemfuatilia msichana, na angependa mwishoni aingie. Binti yangu alikuwa anaandika, kichwa chini, hanitazami.

"Na ninyi, akina mama?" mwalimu akauliza.

Wifi yangu, ambaye hajui kunyamaza, akainua mkono kama mtoto wa shule. Kiingereza chake ni kizuri, amefanya kazi hospitali miaka.

"Mimi nina swali," akasema. "Yule mama nje ya mlango, anataka nini?"

"Mama gani?" mwalimu akauliza.

"Yule mwenye ndara."

Mwalimu akavaa miwani. Kumbe katika darasa lote lile hakuna hata mmoja aliyekuwa amejua kwamba ni mama. Walikuwa wanatafuta mzimu. Sisi tulipoziona zile ndara tulijua.

Ikawa sasa kila mmoja anasema, wifi anatafsiri. Mmoja akasema yule mama anasikiliza kama mtoto ameamka kuswali. Mwingine akasema la, anasikiliza kama yuko kwenye simu na mvulana. Wifi akaongeza la kwake kwamba kuna akina mama wambea tu, hawana lolote. Nyani haoni kundule. Huyu alipokuwa na binti mkubwa alikuwa anapekua mpaka mifuko ya jinzi. Mimi nilikuwa nimekaa, jasho linanitiririka mgongoni na kiyoyozi kinavuma.

Ndipo Mkongo wangu akasimama kule nyuma, na kilemba chake.

"Ule mama hatishe mtu," akasema. "Anasikiliza kama mtoto anapumua. Mimi nafanyaka vile, mpaka leo, na wangu wamekuwa wakubwa."

Wifi akatafsiri. Mwalimu akamgeukia binti yangu, akamuuliza, nani yuko sahihi?

Binti yangu aliweka kalamu chini. "Sijui," akasema. "Mimi siku zote nilikuwa upande wa ndani."

"Basi sinema hii ni ya nani?"

"Nilijua. Sasa sijui."

Akafunga kompyuta yake, akasema samahani, akatoka.

Wifi akanigusa paja. "Nenda," akaniambia, na safari hii hakuongeza neno. Nikamfuata.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje, amekaa juani. Joto la Houston lile la kukufunika kama kitambaa kibichi, na yeye kakaa humohumo. Nikakaa ngazi ya juu yake, kwa sababu ya magoti. Nilikuwa nimepanga kumfokea. Nilikuwa na maneno tayari: ndara zangu umeziiba, baba yako nimemsingizia, watu wameniona. Yakatoka mengine.

"Unaniogopa?"

Nilikuwa na hakika atasema hapana. Mtoto yeyote angesema hapana hata kwa adabu.

"Mara nyingine," akasema.

"Mimi? Nimekupiga lini?"

"Hujanipiga, Mama."

"Nimekutukana? Nimekunyima?"

"Sio hivyo." Akajifuta uso na mkono wa shati. "Ni kule kusimama. Unakuja, unasimama, husemi kitu, huendi. Tangu niko mdogo. Nilidhani unapeleleza kama nimeamka kuswali."

"Hilo nalo lilikuwemo," nikasema, kwa sababu kwenye habari ya sala siwezi kusema uongo.

"Nikija nyumbani sasa silali. Kuanzia kabla ya alfajiri niko macho, nakusubiri uje usimame. Ndiyo maana sikai. Nilifikiri nikilifanya sinema litaniondoka."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi nilikuwa naujua, lakini hakuna aliyeniambia kwamba na mwana ana wake. Nikamuuliza kama anakumbuka pumu. Akasema anakumbuka kile kichupa cha kuvuta, cha buluu, na kwamba wenzake shuleni walikuwa wanakitaka wachezee. Alfajiri ile iliyonifundisha kusimama mlangoni haikumbuki. Alikuwa mdogo mno, tena hakuwa na fahamu. Sikuwahi kumsimulia, kwa nini nimsimulie mtoto jambo kama lile? Nikamsimulia pale kwenye ngazi. Mwaka wetu wa pili Irving, msimu ule miti inapotoa vumbi lake na Texas nzima inapiga chafya. Nimemaliza kuswali, napita koridoni kwenda jikoni kuchemsha maji, na kitu kikanisimamisha. Sijui nini. Kimya tu. Chumbani kwake kulikuwa na kimya ambacho hakikuwa cha usingizi. Nilipofungua midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Baba yake hayupo, yuko safarini. Nilimbeba mpaka nje sina hata kiatu, na gari la wagonjwa likaja, na walimrudisha. Daktari aliniambia kama ningechelewa kidogo. Hakumalizia, na sikumwomba amalizie.

"Lakini pumu iliisha," akasema. "Daktari alisema imeisha."

"Alikuambia wewe. Miguu yangu hakuiambia."

Akanitazama.

"Kila alfajiri nikitoka kuswali nasimama pale," nikasema. "Sibishi, kwa sababu nikibisha nitakuamsha. Siingii. Nasikiliza tu mpaka nisikie unapumua. Nikisikia, naondoka. Siku nyingine nasikia mara moja. Siku nyingine sisikii kitu, basi nakaa hapohapo, naomba Mungu, mkono uko kwenye kitasa, nasema nihesabu kidogo tu kisha nifungue."

Binti yangu akageuka akanitazama vizuri, na macho yake yalikuwa makubwa kama ya yule msichana wa kwenye sinema.

"Mama," akasema. "Mimi nilikuwa nabana pumzi."

"Nini?"

"Nikisikia ndara zako. Nilikuwa nabana pumzi ili ufikiri nimelala. Ili uondoke."

Ilinichukua muda. Mimi si mwepesi wa mambo, na jua lilikuwa kali. Nikayapanga kichwani polepole kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mimi niko nje nasubiri pumzi yake ili niondoke. Yeye yuko ndani ameibana ili niondoke. Kadiri alivyobana ndivyo nisivyosikia, na kadiri nisivyosikia ndivyo nilivyokaa. Yangu hofu inapanda, yake inapanda, na katikati yetu ubao mmoja wa mlango. Asubuhi zote zile. Miaka yote ile.

Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka pia aniambie pole mimi. Sikujua ya nani ianze.

"Kiangazi utakuja?" nikamuuliza badala yake.

Aliangalia magari yetu kule maegeshoni. Kisha akashusha pumzi, ndefu, iliyotoka chini kabisa. Niliisikia yote, mwanzo wake na mwisho wake. Kwa desturi yangu hapo ndipo ninapoondoka. Nikabaki nimekaa pale kwenye ngazi, sijui kama anataka niende au nikae.